Mlango wa kuzimu wa Wagiriki wa kale ulikuwa wapi hasa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naongoza kikundi cha vijana kanisani. Wiki iliyopita tumesoma Mathayo 16:18, pale Yesu anapomwambia Petro kwamba milango ya kuzimu haitalishinda kanisa, sasa kijana mmoja wa kidato cha tatu akasema kuzimu kwa Kigiriki ni Hades na Wagiriki walikuwa na mlango wake kabisa, unafikika kwa miguu. Nimegugo nimechanganyikiwa, huyu anasema uko Ugiriki, huyu Uturuki, mwingine Italia. Mlango wenyewe ulikuwa wapi?"

Marahaba mwanangu. Kijana wako yuko sahihi kwenye lugha, Agano Jipya la Kigiriki hapo limeandika kabisa milango ya Hades. Na waliokujibu mtandaoni nao hawajakudanganya, maana Wagiriki hawakuwa na mlango mmoja, walikuwa nayo mingi, kila upande na wa kwao, na hakuna aliyewahi kukaa akaamua kwamba huu ndo halali na ule sio. Ila kuna jambo moja ambalo hizo orodha hazisemi na bila hilo kila kitu kinakuwa vurugu. Yale mapango na yale mashimo kwa kawaida hayakuwa njia ya wafu. Marehemu hakuhitaji pango. Pango lilikuwa la mtu aliye hai anayetaka kushuka kule akarudi, au anayetaka mfu apande juu aongee naye. Ukilishika hilo mengine yote yatakaa mahali pake.

Kwanza tuweke neno sawa. Sisi tukisema kuzimu tayari tumeshataja mahali, ile ku- ya mwanzo inakuonyesha. Hades kwa Wagiriki lilikuwa kwanza jina la mtu, yaani mungu, kaka wa Zeus, na walipotaka kusema fulani amekufa walisema amekwenda kwa Hades, vile vile kama wewe unavyosema naenda kwa shangazi, nyumba huitaji lakini kila mtu anaisikia. Kwa hiyo walikuwa wanawaza nyumba ya mtu, na nyumba ina mlango, na mlango una mwenyewe anayeufunga. Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, anampa Hades sifa hiyo kabisa, mfunga lango. Ndo mana hata mbwa yupo, yule Cerberus, kazi yake ni kulinda wasitoke.

Sasa marehemu anaingiaje? Kwenye Iliad, shairi la Homer la vita vya Troya, kuna sehemu mimi kila nikiisoma nasimama kidogo. Patroclus ameuawa vitani na bado hajazikwa, rafiki yake Achilles amelia mpaka usingizi umemchukua pale ufukweni, usiku mzimu wa Patroclus unakuja unasimama juu ya kichwa chake, kimo kile kile, macho yale yale, sauti yake, hata nguo ni zile alizokuwa anavaa, unamwambia umelala Achilles, umenisahau, nizike haraka nipite milango ya Hades, maana wenzangu waliotangulia wananifukuza, hawaniachi nivuke mto nichanganyike nao, nazunguka tu nje ya ile nyumba yenye milango mipana. Umeona hapo, mlango upo, na mtu yuko nje yake, na kinachomfungulia ni mazishi. Hakuna ramani, hakuna kutafuta pango liko wapi. Ndugu wakikuzika umeingia, wasipokuzika unabaki unazurura, na hili halikuwa jambo la mashairi tu, Wagiriki waliliogopa kweli kweli kwenye maisha yao ya kila siku.

Baadaye, sio kwa Homer, anatokea Charon mwenye mtumbwi anayevusha watu, na ile desturi ya kumwekea maiti sarafu ndogo mdomoni, oboli, kwa ajili ya nauli. Wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta hizo sarafu makaburini, sio kila kaburi lakini zipo. Na kwa Homer mwenyewe, mwishoni mwa shairi lake lingine, Odyssey, anayewaongoza wafu ni mungu Hermes na fimbo yake ya dhahabu, wanamfuata wanalia kama popo pangoni pale mmoja anapoponyoka kwenye mwamba na wenzake wote wanatawanyika wakipiga kelele, wanapita mto Oceanus, wanapita Mwamba Mweupe, wanapita milango ya Jua na nchi ya ndoto, mpaka kwenye mbuga ya maua. Ukiangalia hiyo njia hakuna kituo hata kimoja unachoweza kukipata kwenye ramani.

Walio hai ndo wanaohitaji mahali. Na mfano mkubwa ni Odysseus, shujaa wa hiyo Odyssey, ila naye hatumii pango, anatumia merikebu. Mchawi Circe anamwelekeza asafiri mpaka mwisho wa dunia kwenye mto Oceanus unaozunguka nchi zote, nchi ya Wakimeri ambao jua haliwafikii kabisa, ukungu na giza muda wote. Akifika pale kwenye msitu wa Persephone, mke wa Hades, ambapo mito inakutana, achimbe shimo. Na hapa Homer anakuwa makini kama mtu anayekufundisha kupika. Shimo dhiraa moja huku na dhiraa moja huku, analichimba kwa upanga wake. Anamimina kwanza maziwa na asali, kisha divai tamu, tatu maji, juu ananyunyiza unga mweupe wa shayiri. Anawachinja kondoo juu ya shimo, dume na jike jeusi, damu nyeusi inaingia ndani, na ndo wafu wanaanza kupanda kutoka chini, maharusi, wavulana ambao hawajaoa, wazee waliochoka, wanaume wenye majeraha ya mikuki na silaha zao bado zina damu, wanajazana pande zote za shimo kwa sauti ya kutisha. Yeye amekaa na upanga wazi anawazuia wasinywe mpaka nabii Tiresias aje. Wa kwanza kufika ni Elpenor, mmoja wa mabaharia wake aliyeanguka kwenye paa kwa Circe akavunjika shingo wakamwacha bila kuzika, na ombi lake unalijua tayari, nizike. Kisha anatokea mama yake mzazi, ambaye alimwacha hai alipoondoka kwenda vitani, hakuwa na habari kwamba amekufa. Na hamruhusu kunywa, mama yake, kwa sababu nabii bado, anamwangalia tu na machozi yanamtoka. Baadaye mama akishakunywa ile damu ndo anamtambua mwanawe, wanaongea, anataka kumkumbatia, mara tatu anarusha mikono na mara tatu anamponyoka kama kivuli au ndoto.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Hilo shimo la dhiraa moja ndo mlango wa kuzimu ulioelezwa kwa ukaribu kuliko mingine yote ya mwanzo, na unaona ulichimbwa na mtu kwa mkono wake.

Haya sasa twende kwenye zile sehemu ulizokutana nazo.

Maarufu kuliko zote ni Tainaro, rasi ya mwisho kabisa kusini mwa Ugiriki bara, kwenye kidole cha katikati cha Peloponnese, nchi ya Mani. Hapo wanasema ndipo Heracles, shujaa aliyetumwa na mfalme kumleta yule mbwa, alipomvutia Cerberus juu, na washairi wa Kirumi wanampitisha mwimbaji Orpheus hapo hapo kwenda kumfuata mke wake aliyekufa. Kulikuwa na hekalu la Poseidon, mungu wa bahari, na lilikuwa mahali pa kukimbilia, mtumwa akishika hapo haguswi, na Wasparta waliwahi kuwatoa watumwa wao waliokimbilia pale wakawaua, tetemeko kubwa la ardhi lilipokuja kuipiga Sparta baadaye miaka ya 460 KK wenyewe waliamini ni kwa sababu ya dhambi hiyo. Nimefika pale. Lami inaishia, unatembea, kuna kanisa dogo bovu na mawe yake mengi ni ya lile hekalu, ukiangalia ukuta unaona tofauti, mawe makubwa yaliyochongwa sawasawa chini na mawe ya kuokota juu. Unashuka kwenye ghuba ndogo ya kokoto, pango lipo hapo, na ni fupi. Unaingia hatua chache umegusa ukuta wa nyuma. Nilishindwa kuondoka haraka, nikakaa kwenye kokoto nikiwaza watu wote waliosafiri kuja kwenye huu ukuta.

Na sio mimi wa kwanza kuugusa. Pausanias, msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2 BK ambaye alitembea Ugiriki yote akiandika anachokiona, alifika Tainaro akaandika wazi kwamba hakuna njia yoyote inayoshuka chini kupitia pango hilo, na akaongeza kwamba sio rahisi kuamini miungu ina nyumba chini ya ardhi ambako roho zinakusanywa. Tena anamtaja Hecataeus wa Mileto, mtu wa zama za karibu na mwaka 500 KK, aliyesema kilichokuwepo pale ni nyoka mkali mwenye sumu ya kuua papo hapo, watu wakamwita mbwa wa Hades, na huyo nyoka ndo Heracles alimpeleka kwa mfalme. Yaani wenyewe walikuwa wanahoji haya mambo tangu zamani sana. Mwambie kijana wako hilo, asidhani wote walikuwa wanameza tu.

Utakuta pia mtandaoni wanasema Hades yote imetokana na pango la Alepotrypa, liko Diros, huko huko Mani upande wa magharibi. Ni pango kubwa, watu wa zama za mawe waliishi humo na kuzika wafu wao, kama miaka 5,000 iliyopita mawe yakaporomoka yakaziba mdomo wake, likaja kugundulika 1958. Ni sehemu ya ajabu, lakini mimi siwezi kukubali hiyo hoja. Kuanzia kuziba kwake mpaka Homer ni zaidi ya miaka 2,000, na hakuna uzi wa kuunganisha.

Hermione, mji wa pwani Peloponnese upande wa mashariki, nao walikuwa na ufa wao wa ardhi na wao wakasema Heracles alimtoa mbwa kwetu, sio Tainaro. Kitu kizuri cha Hermione ameandika Strabo mwanajiografia, kwamba watu wa mji huo hawakuwawekea maiti wao sarafu mdomoni, kwa sababu kutoka kwao mpaka kwa Hades ni karibu, njia ya mkato, hakuna nauli. Mimi napenda sana hiyo habari maana inakuonyesha watu wanaoliishi jambo mpaka kwenye mazishi ya nyumbani kwao.

Lerna, sio mbali sana na hapo, ilikuwa na bwawa la Alcyonia, ndipo Dionysus, mungu wa divai, alishuka kwenda kumtoa mama yake Semele. Pausanias anasema maji yake ukiyaona yametulia kabisa lakini anayethubutu kuogelea yanamvuta chini, na mfalme Nero wa Roma aliagiza kamba ndefu zikaunganishwa, akafunga risasi kwenye ncha ili izame, hakupata mwisho.

Alafu kuna Heraclea kwenye Bahari Nyeusi, siku hizi ni Ereğli nchini Uturuki, hapo napo Heracles na mbwa, jina la mji lenyewe linakwambia. Xenophon, askari na mwandishi wa Kigiriki, alipita na jeshi lake mwaka 400 KK akaandika kwamba wenyeji wanaonyesha alama za alikoshukia, kina cha zaidi ya stadia mbili, kama mita 360 hivi. Hii Heraclea ilikuwa pia na sehemu ya kuita wafu. Jemadari mmoja wa Sparta, jina lake Pausanias pia ila usimchanganye na yule msafiri, alikuwa Byzantium akaagiza msichana Cleonice aletwe chumbani kwake usiku, binti anaingia gizani anajikwaa kwenye taa, jemadari anashtuka usingizini akidhani ni adui, anamchoma upanga. Toka siku hiyo binti anamjia kila usiku. Akaenda Heraclea kumwita amwombe msamaha, naye akatokea akamwambia ukifika Sparta mateso yako yataisha haraka. Akafika Sparta, akafa.

Unaona sasa kwa nini nasema mlango ni wa walio hai? Mtu ana deni na mfu, ndo anautafuta.

Na deni kubwa kuliko yote ni la Periander mtawala wa Korintho, na hapo ndo tunafika mto Acheron, kaskazini magharibi ya Ugiriki, nchi ya Thesprotia. Acheron ni mto wa kweli, upo mpaka leo, unatoka kwenye makorongo membamba ya mlimani unafika uwandani, zamani ulikuwa unaingia kwenye ziwa la kinamasi lililoitwa Acherusia, siku hizi limekaushwa ni mashamba. Msafiri Pausanias alifikiri kwamba Homer aliwahi kufika huko ndo akachukua majina ya mito akayapeleka kuzimu. Sasa Periander alikuwa amemuua mkewe Melissa. Kuna amana ya mgeni wake ilikuwa haijulikani imefichwa wapi na Melissa ndo alikuwa anajua, akatuma watu Acheron wakamuulize. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, ndo anasimulia. Melissa akatokea akasema sisemi, nasikia baridi, niko uchi, nguo mlizonizika nazo hazinifai kitu kwa sababu hazikuchomwa moto, na ili mume wangu ajue kwamba ni mimi mwambieni aliiweka mikate yake kwenye tanuri lililopoa. Periander alipoletewa hayo maneno alielewa palepale, ni jambo alilomfanyia mwili wa mkewe baada ya kumuua na ni yeye peke yake aliyekuwa analijua, wewe ni mtu mzima utaelewa, kwa vijana ruka hapo. Akatangaza wanawake wote wa Korintho waje hekalu la Hera. Wakaja wamevaa nguo zao nzuri kabisa kama wanakwenda sikukuu, kumbe walinzi wamejificha, wakawavua wote, bibi na kijakazi wake, nguo zikarundikwa shimoni zikachomwa na yeye akimwomba Melissa. Akatuma tena watu Acheron. Safari hii Melissa akasema amana iko wapi.

Hiyo stori inanikaa kichwani kwa sababu ya ile baridi. Mwanamke ameuawa, na anachokilalamikia ni nguo.

Sasa hapo Acheron kuna jambo la karibuni lazima ulijue maana litakuja kwenye gugo. Mwaka 1958 profesa Sotirios Dakaris alianza kuchimba kilima kimoja pale kijiji cha Mesopotamo, chini ya kanisa la Yohana Mbatizaji, akakuta jengo la ajabu, kuta nene za zaidi ya mita tatu, njia zinazojipinda, chumba cha chini ya ardhi chenye matao, akasema nimepata penyewe, nyumba ya kuita wafu aliyoisema Herodotus. Alikuta na vipande vya shaba vya mviringo, akaeleza kwamba vilikuwa vya mashine ya kuninginiza mizimu ya kuigiza mbele ya watu. Ilipendeza sana, ikaingia kwenye vitabu vya watalii. Kisha mwaka 1979 mtaalamu wa silaha za kale, Dietwulf Baatz, akaviangalia vile vipande akavitambua, ni vya manati makubwa ya kivita. Ukijumlisha na mitungi mikubwa ya nafaka na zana za kilimo zilizokutwa humo, wengi sasa wanaona lilikuwa shamba lenye boma la ulinzi, likachomwa na Warumi mwaka 167 KK. Na kuta nene ni za kuzuia adui, sio za kutisha waumini. Mimi nakubaliana nao. Hiyo haimaanishi Herodotus kasema uongo, inamaanisha tu kwamba pale alipotokea Melissa ni sehemu nyingine ya bonde lile, na inawezekana kabisa hapakuwa na jengo lolote, ukikumbuka lile shimo la Odysseus.

Sasa wewe utauliza, mbona sehemu hizi na sio zingine? Jibu la kwanza ni mawe. Ugiriki sehemu kubwa ni mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa maji yanayala, kwa hiyo kuna mapango kila mahali, kuna mito inayomezwa na shimo mbele ya macho yako na kutokea mbali sana, kuna chemchemi ambazo kamba haifiki chini. Mtu anayeona mto mzima unaingia ardhini hahitaji kufundishwa kwamba kuna nchi nyingine huko chini. Hata Styx ni maji ya kweli, yanaporomoka kwenye ukuta wa mwamba mlima Chelmos huko Arcadia, Pausanias anasema yanavunja vyombo vyote isipokuwa kwato ya farasi.

Jibu la pili ni hewa, na hapa ndo tunaingia Uturuki. Hierapolis, pale Pamukkale penye yale mawe meupe kama pamba, kulikuwa na pango la Pluto, ndo Hades huyo huyo kwa jina lingine. Strabo alifika mwenyewe. Anasema mdomo wa pango unatosha mtu mmoja kuingia, mbele yake kuna uwanja umezungushiwa uzio, ndani ya uzio ukungu mzito mpaka ardhi huioni vizuri, na ukisimama nje ya uzio siku isiyo na upepo uko salama. Mnyama akiingia anakufa. Fahali anaingizwa anaanguka, anavutwa nje maiti. Strabo akawarusha shomoro, wakaanguka hapo hapo. Ila makuhani matowashi walikuwa wanaingia na kutoka wazima, watu wanaona ni muujiza, na Strabo akawaangalia usoni kwa makini akaona wanabana pumzi, nyuso zao zinaonyesha kabisa mtu anayekosa hewa.

Timu ya Francesco D'Andria kutoka Italia ilitangaza mwaka 2013 kwamba wamelipata hilo pango, na ndege bado wanakufa wakisogelea ule mdomo. Mwaka 2018 Hardy Pfanz na wenzake wakachapisha vipimo, ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye ufa wa ardhi, mdomoni pa pango kati ya asilimia 4 na 53 kutegemea kimo unachopima, na ndani sehemu moja mpaka 91. Hewa hii ni nzito kuliko ya kawaida, kwa hiyo inalala chini kama maji. Usiku inajaa kwenye uwanja, alfajiri ndo mbaya zaidi, jua likichomoza inatawanyika. Fahali kichwa chake kiko chini, puani kabisa mwa ile hewa. Kuhani amesimama, kichwa kiko juu yake, na anajua saa ya kuingia.

Kama una ndugu Goma hawatashangaa hata kidogo. Kule karibu na Nyiragongo na ziwa Kivu hiyo hewa wanaiita mazuku, inalala kwenye mabonde na mashimo, mbuzi anashuka kula majani hapandi tena, mtoto anatumwa alfajiri anapita sehemu ya chini anaanguka, na mtu mrefu aliyesimama pembeni hasikii kitu. Wanasayansi wa volkano dunia nzima wamelichukua neno hilo hilo, wakikuta hewa ya namna hiyo popote wanaandika mazuku. Mtu aliyeona mazuku ataelewa Hierapolis bila kuelezwa sana, kuna mahali duniani ambapo kifo kimekaa pale pale na kina mpaka wake, huku uzio uzima, huku mauti.

Ile ya Italia ni ziwa Avernus, karibu na Naples, ziwa kwenye mdomo wa volkano, jina lake watu walilieleza kwa Kigiriki kuwa ni pasipo na ndege, eti wakiruka juu yake wanaanguka. Virgil, mshairi wa Kirumi, ndo alimshushia shujaa wake Aeneas hapo na kusema kushuka ni rahisi, kurudi ndo kazi. Ila wakati Virgil bado hajaandika hilo shairi, Agrippa, jemadari wa Kirumi, alishakata miti yote na kuchimba mfereji akaligeuza bandari ya manowari mwaka 37 KK, na Strabo anasema kwamba toka hapo yale mambo ya zamani yalionekana ni hadithi.

Sicily nako pia wanaonyesha Enna kwamba ndipo Hades alimnyakua Persephone, na Eleusis, mji karibu na Athens, kuna pango lake. Sitaingia huko, zile ni sehemu alizonyakuliwa mtu au alizorudia, na kila mji uliompenda Persephone ulitaka ziwe kwao.

Turudi kwenye Mathayo yako. Watakwambia, na kuna watalii wanapelekwa kila siku, kwamba Yesu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kuzimu aliposema maneno yale, kwa sababu walikuwa pande za Kaisaria Filipi, na pale Banias chini ya mlima Hermoni kuna pango kubwa la mungu Pan. Pango lipo, na Josephus mwanahistoria wa Kiyahudi analieleza, ndani yake shimo limejaa maji yaliyotulia na kamba haifiki chini. Maelezo hayo unaona yanafanana na ya Lerna, na ningependa sana iwe hivyo, ila Josephus mwenyewe hakupaita mlango wa kuzimu. Na Yesu hakuhitaji pango ili aseme vile. Fungua Isaya 38:10, mfalme Hezekia anaumwa karibu ya kufa anasema anakwenda kuingia malango ya kuzimu, na Isaya ya Kigiriki iliyokuwa inasomwa zama zile imeandika hapo milango ya Hades, maneno yale yale ya Mathayo. Maana yake ni kifo chenyewe. Hata Homer miaka mingi kabla anayatumia hivyo, Achilles anasema anamchukia kama milango ya Hades mtu anayeficha jambo moja moyoni na mdomoni anasema lingine.

Kwa hiyo wiki ijayo anza na Hezekia. Na yule kijana wa kidato cha tatu, kama bado anataka sehemu ya kunyooshea kidole kwenye ramani, mwonyeshe Tainaro, ndo penye majina makubwa zaidi, na mwambie kuna msafiri aliyefika pale karne ya 2 BK akaandika kwamba njia ya kushuka haipo.